Upepo wa Ukingoni mwa Pistoni

Mwanangu, kuna Alhamisi moja ambayo nikiifikiria mpaka leo mikono inanisisimka, na nataka nikusimulie kabla hujashika spana tena. Usicheke ninapokuita mwanangu. Sijafika hata miaka arobaini, ila nywele zimenikimbia mapema, na vijana wa hapa mwaloni Musoma, boti zinapoegesha, wameshaamua kwamba mimi ni mzee. Sawa. Basi mzee wako anaongea, weka hiyo simu mfukoni.

Asubuhi ile shangazi yangu Nyangeta alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini, khanga kaifunga kiunoni, ameshika pistoni ya injini ya boti yake. Akaiinua usawa wa jicho, akachungulia. Pistoni ilikuwa na tundu. Siyo ufa, siyo mkwaruzo. Tundu la kupitisha kidole, ukingoni kabisa, na kandokando yake chuma kimetafunwa kama mkate ulioachiwa panya.

"Magesa," akaniita, bado anachungulia. "Naona kisiwa cha Rukuba humu ndani."

Mimi ndiye nilikuwa nahodha wa boti ile, na fundi wake pia. Shangazi alinichukua nilipoachia shule kidato cha pili, akanikabidhi mkono wa injini, na kwa boti hiyo moja ya kubeba dagaa na abiria wa visiwani tulikuwa tunakula, tunavaa, na wadogo zangu wanasoma kule kwetu Butiama. Injini yenyewe ilikuwa ile ya mipigo miwili, ya kuchanganya oili kwenye petroli, unazijua. Nilikuwaga naipenda kuliko kitu chochote. Nilikuwa naota kwamba siku moja nitatengeneza injini ambayo mtu akiisikia kutoka Kisorya atasema, ile ni mkono wa Magesa.

"Hii ni ya pili tangu mvua zianze," akasema shangazi. "Imebaki pistoni moja kwenye boksi, nyingine sinunui. Jumamosi Mugini anakuja."

Mugini alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa hapa mjini. Injini alikuwa nazo, tena mpya. Alichokuwa anakitamani ni boti yetu, mbao zake na umbo lake, na alikuwa amemwomba shangazi amuuzie tangu mjomba, mume wake, alipofariki.

"Jumamosi tunaenda Rukuba," shangazi akaendelea. "Tunapakia mzigo kamili, tunarudi, na Mugini atakuwemo. Tukirudi kwa injini, boti yangu. Tukirudi kwa kasia, boti ya Mugini. Na wewe utaenda Nyamuswa kwa baba yako mdogo, ng'ombe wanahitaji mtu."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana niliogopa. Shangazi akifoka, mambo yanaisha jioni ile ile. Akiongea taratibu, ameshamaliza kuamua.

Sasa nikueleze ugonjwa wenyewe. Injini ile ikibeba mzigo na ukaiongezea moto mpaka mwisho, ilikuwa inatoa sauti ndani, ta-ta-ta-ta, kama karanga zinazokaangwa kwenye sufuria kavu. Mwalo mzima tulikuwa tunaijua. Tulikuwa tunasema injini inakaanga karanga. Na mwalo mzima tulikuwa na dawa moja: unafungua hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, unaongeza gasketi nyingine, kile kibati chembamba cha kuzibia, juu ya ile iliyopo. Tulikuwa tunazikata wenyewe kwa mkasi, kutoka kwenye bati laini la kopo. Tulifikiri hivi: injini inagonga kwa sababu imebanwa sana, basi tuipe nafasi ipumue. Hakuna aliyejua dawa hiyo ilitoka wapi. Tuliikuta.

Jirani yangu Kasuka, nahodha wa boti iliyoegeshwa kando ya yetu, mtu wa maneno mengi, alikuja kuangalia msiba.

"Ulikuwa na gasketi ngapi?"

"Mbili."

"Ndiyo maana. Weka ya tatu."

"Wewe unazo ngapi?"

"Mbili."

"Na wewe si uliunguza mwezi uliopita?"

"Niliunguza," akasema bila aibu, "ila mimi sina shangazi wa kunipeleka Nyamuswa."

Hedi yenyewe ilikuwa imeumwa pia, uso wake una mashimo madogomadogo, kwa hiyo ilibidi ikakerezwe. Mkerezaji aliyekuwa anasifiwa alikuwa Bunda, Mzee Sefu, na karakana yake ilikuwa nyuma ya stendi. Baba yake alikuja Bunda na biashara ya nguo miaka hiyo, mama yake Mwikizu, na yeye akazaliwa akipenda vyuma. Nikaifunga hedi kwenye kitambaa, nikapanda gari, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia alainishe uso, halafu achimbe chumba cha moto kiwe kikubwa zaidi, ili nafasi iongezeke. Gasketi mbili na chumba kikubwa. Nilijiona nimemzidi Kasuka akili.

Nilimkuta Mzee Sefu kavaa kofia yake ya kufuma iliyoingia mafuta. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza. Akaigeuza hedi juani, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chumba, pale palipotafunwa.

"Maji ya kupoza yanatoka?"

"Yanatoka vizuri, mzee."

"Oili mnachanganya?"

"Tunachanganya kama ilivyoandikwa."

"Gasketi?"

"Mbili."

Akaacha kuigeuza. "Nani kakufundisha?"

"Wote tunafanyaga hivyo, mzee."

"Na wote mnaunguzaga pistoni vilevile," akasema, akaenda mlangoni. "Mama Zuhura, niazime unga."

Mama Zuhura alikuwa anakaanga chapati kwenye kibanda cha jirani. Akajibu bila kugeuka, "Unga wangu tena, Mzee Sefu? Wiki hii umeshafundisha wangapi?"

"Huyu wa mwisho."

"Na wa juzi alikuwa wa mwisho."

Lakini akatoa konzi ya unga wa ngano, akamwekea kiganjani. Mwanangu, kilichofuata hakikuzidi muda wa kunywa chai, na mimi ninakula kwa sababu yake mpaka leo.

Mzee Sefu alikunja kiganja cha kushoto kidogo, katikati kukawa na kishimo, kama unavyokinga maji. Unga akausambaza pembeni, kwenye ule mwinuko chini ya vidole na chini ya dole gumba. Kishimo cha katikati akakiacha kitupu.

"Huu ukingo ni ukingo wa hedi yako. Kishimo ni chumba, plagi inakaa juu yake. Hapa nimeigeuza juu chini, kwa hiyo mkono wa kulia unaoshuka ni pistoni inayopanda." Akaushusha mkono wa kulia haraka, lakini akausimamisha mbali, nafasi ya kidole kizima. Unga haukutikisika.

"Hiyo ni gasketi mbili," akasema.

Akarudia. Safari hii akausimamisha mkono karibu kabisa, viganja nusura vigusane. Unga ukaruka wote. Mwingine ulitoka nje ukanipata usoni, lakini mwingi uliingia katikati, kwenye kishimo, ukazunguka kama vumbi la kiwanja.

"Umeona?"

Nilikuwa nimeona, ila moyo ulikuwa unakimbia kuliko kichwa. Akanieleza taratibu, na mimi nakueleza kama alivyonieleza.

Pistoni inapofika juu, ukingo wake unakaribiana na ukingo wa hedi. Ile hewa yenye petroli iliyokuwa pale pembeni inakosa mahali pa kukaa. Inaminywa, inakimbilia katikati kwa kasi, inaingia chumbani kama upepo. Plagi inapowasha, moto unakuta hewa inazunguka, unabebwa, unasambaa haraka, unamaliza kazi. Na ile hewa kidogo inayobaki ukingoni ni nyembamba mno, juu chuma, chini chuma, inapozwa pande zote, haiwezi kujilipukia.

"Sasa wewe ukiongeza gasketi," akasema, "upepo unakufa. Moto unaanza katikati, unatembea kwa uvivu. Huku pembeni umeacha petroli nyingi imelala, inabanwa, inapashwa, inangoja. Mwisho inachoka kungoja, inajilipua yenyewe kabla moto haujafika. Ndizo karanga zako. Na inalipukia wapi?"

"Ukingoni," nikasema.

"Na tundu liko wapi?"

Mwanangu, nilikaa kwenye ndoo iliyokuwa pale. Nilikuwa nataka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Miaka yote nilikuwa nasikiliza injini kwa nje, na ndani yake kumbe kuna upepo. Upepo ambao mtu anaweza kuuchonga. Ukibadilisha upana wa ukingo, unabadilika. Ukibadilisha nafasi, unabadilika. Ukiongeza mwendo wa injini, unakuwa mkali zaidi. Ndani ya kitu kidogo kuliko kikombe cha kahawa kuna hali ya hewa yake, na mkerezaji wa Bunda anaijua.

"Basi kata, mzee," nikasema. "Mimi nasubiri hapa hapa."

Akanirudishia hedi, nzima kama nilivyoileta.

"Nikate kiasi gani?"

Sikujua.

"Hedi bila pistoni ni nusu ya habari. Nenda kwa mafundi redio, nunua ule waya wa risasi wa kuchomelea. Weka kipande juu ya pistoni, upande wa kushoto na wa kulia, usawa wa pini yake, maana ukiweka mbele na nyuma pistoni itainama na kukudanganya. Bandika kwa grisi. Funga hedi, zungusha injini kwa mkono mara moja, fungua. Risasi itakuwa imeminywa. Unene wake ndiyo nafasi yako. Niletee hizo risasi, na hiyo pistoni mpya."

"Mzee, shangazi anangoja Jumamosi. Leo Alhamisi."

"Kwa hiyo unapoteza muda umekaa kwenye ndoo yangu."

Nilitoka pale nimenuna kidogo, nikuambie ukweli, lakini nilipofika stendi furaha ilikuwa imenirudia. Nikajikuta nimesimama katikati ya watu, kiganja cha kushoto nimekikinga, cha kulia nakishusha, pa, pa, pa, nasikilizia upepo ukitoka pembeni. Bibi mmoja aliyekuwa na kapu la ndizi akaniangalia sana, akasogea.

"Mjukuu wangu, umeokoka leo?"

"Ndiyo, bibi," nikasema, na sikuona kama nimedanganya.

Mwaloni nilifika jua likiwa bado lipo. Niliingiza pistoni mpya, nikapima kama nilivyoelekezwa. Injini ilikuwa na silinda mbili, nikapima zote. Kwa gasketi mbili risasi ilitoka karibu haijaguswa, milimita tatu hivi. Kwa gasketi moja ilitoka imebonyea, lakini bado nene, kama milimita mbili. Kumbe hata moja peke yake nafasi ilikuwa kubwa, kwa sababu hedi ile ilishapita mikononi mwa mafundi wengi kabla yetu, na kila mmoja alichimba kidogo. Nikaichomoa pistoni mpya, nikaifunga pamoja na risasi kwenye leso ya shangazi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Bunda kabla Mama Zuhura hajawasha jiko. Mzee Sefu akazipima risasi zile kwa vernia, kile kipimo cha chuma, akatingisha kichwa, akafunga hedi kwenye sahani ya mashine. Mimi usiku nilikuwa nimefikiri, na fikra zangu zilikuwa zimeshavuka mto.

"Mzee, mimi naona tukate mpaka nafasi ibaki kama karatasi," nikasema. "Kama upepo ndiyo dawa, tuweke kimbunga."

Akazima mashine. Ile sauti yake ilipokufa, karakana nzima ikawa kimya, na nikajua nimekosea kitu.

"Jana ulikuwa unataka gasketi tatu," akasema.

"Mbili, mzee."

"Mbili, na chumba kikubwa. Leo unataka karatasi. Njiani hukupita katikati?"

Nikainamia hedi iliyofungwa kwenye mashine.

"Ulipozungusha injini kwa mkono, ilikuwa imepoa, iko taratibu. Ukiiwasha, ukaipeleka mpaka mwisho, pistoni inavimba kwa joto. Konrodi, ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, inavutika. Beringi zina ulegevu wake. Pistoni inapanda juu kuliko ulivyoipima. Hiyo karatasi yako itaisha, pistoni itapiga hedi, na haitapiga mwaloni. Itapiga kule katikati ya ziwa, umembeba shangazi yako." Akaniacha niione picha hiyo. "Na hata isipopiga. Upepo ukizidi, moto unalipuka kwa pupa. Badala ya kuisukuma pistoni kama mkono unavyosukuma mlango, unaipiga kama nyundo. Joto linamwagika kwenye kuta, injini inatetemeka, inakosa utamu. Kuna watu wa mashindano wanaotaka mwendo wa juu tu, hao wana hesabu zao. Wewe unabeba nini?"

"Dagaa, mzee. Na watu."

"Basi chonga upepo wa dagaa na watu."

Alisema neno hilo huku ananitazama machoni, siyo kwa ukali, na mimi nikahisi kama baba amenishika bega. Nilikuwa nimefurahi sana kuujua ukweli mmoja, mpaka nikataka kuumiza nao mtu.

Tukakubaliana milimita moja na kidogo. Akanyoa uso wa hedi, ukingo ukashuka. Akaufuata mgongo wa pistoni, maana siyo bapa, una kilima chake, na ukingo wa hedi lazima uinamie vilevile, ili nafasi isiwe pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Halafu, mwanangu, akafanya kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Akachimba katikati. Kwa sababu ukishusha ukingo peke yake, chumba chote kinakuwa kidogo, na injini inabanwa kupita kiasi kwa petroli yetu hii ya kwenye madumu. Kwa hiyo alichokitoa pembeni akakirudisha katikati. Akapima ujazo kwa bomba la sindano, anaingiza mafuta ya taa kidogo kidogo kupitia kioo chenye tundu alichokifunika juu ya chumba, mpaka kikajaa. Akakereza tena, akapima tena. Akahamia chumba cha silinda ya pili.

"Mbano karibu ule ule," akasema, "ila sasa una upepo."

Nilimbusu mkono. Akaniambia niache ujinga, niwahi gari.

Jumamosi nilifunga hedi na gasketi moja. Kasuka alikuwa amesimama juu yangu, na watu wengine watatu wanne walikuwa wamekuja kuona.

"Moja?" akauliza Kasuka.

"Moja."

"Na hedi imenyolewa?"

"Imenyolewa."

"Shangazi," akaita kwa sauti, "huyu mtoto ameamua kwenda Nyamuswa kwa kuogelea."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliniangalia tu nikiweka vipande vipya vya risasi, nikifunga, nikizungusha, nikifungua, nikivipima. Vilitoka vyembamba, vimelingana pande zote. Nikamwonyesha kimoja.

"Hii ndiyo nini?"

"Ndiyo nafasi ya upepo, shangazi."

"Sijaelewa."

"Nitakueleza tukirudi."

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu tukirudi kwa kasia hutataka kusikia."

Hapo akatabasamu kidogo. Mugini alifika amevaa viatu vyeupe, akapanda mbele, akagonga mbao za boti kwa kucha kama mtu anayechagua tikiti maji.

Kwenda Rukuba hakukuwa na neno, boti ilikuwa nyepesi. Kurudi ndiyo mtihani. Magunia ya dagaa yalijaa mpaka usawa wa kiuno, abiria juu yake, na upepo wa ziwa unatupiga usoni. Nikaongeza moto taratibu, nikafika pale ambapo karanga zilikuwa zinaanza kila siku. Nikasikiliza. Nikaongeza. Nikasikiliza tena. Nikapeleka mpaka mwisho.

Hapakuwa na karanga. Ilikuwa sauti moja iliyonyooka, kama kitambaa kinachochanwa bila kukatika. Boti ikainua pua. Mugini akageuka kuniangalia.

Halafu, Musoma ikiwa inaonekana, injini ikaanza kuishiwa nguvu. Ikapanda, ikashuka, ikakohoa. Shangazi aliinama, akatoa kasia chini ya magunia, akalilaza magotini mwake, mikono juu yake. Nilimwona, naye alijua nimemwona.

Mkono ulitaka kuzima injini. Ulitaka kufungua kila kitu pale pale juu ya maji. Lakini nikajiambia, Magesa, katikati, pita katikati, sikiliza kwanza. Haikuwa inagonga. Ilikuwa inasinzia. Injini inayounguza pistoni hailii hivi. Hii ina njaa. Nikaufuata mpira wa petroli kwa macho kutoka kwenye dumu, nikaukuta umebanwa chini ya gunia, abiria mmoja mnene amekalia juu.

"Baba, samahani, inuka kidogo."

"Niinuke niende wapi, ziwani?"

"Kidogo tu, baba."

Akainuka, nikalivuta gunia, nikaukandakanda mpira. Injini ikameza mara moja, mbili, ikarudi kwenye ile sauti yake ya kuchana kitambaa. Sikuipunguzia moto mpaka mchanga wa mwalo ukakwaruza chini ya boti.

Kabla mtu hajashuka nilikuwa nimeshafungua plagi. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, ile rangi fundi anaiota. Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia kwenye tundu. Katikati ya pistoni pana masizi kidogo, na ukingo wote, mzunguko mzima, umebaki msafi unang'aa. Pale upepo unapopita, petroli hailali. Nikamwita shangazi achungulie. Akachungulia muda mrefu.

"Sioni kisiwa," akasema.

Mugini alikuwa ameshuka, viatu vyake vimelowa, anatuangalia.

"Mama Nyangeta," akasema, "mimi bado naitaka boti."

"Na mimi bado ninayo," akajibu shangazi, akalirudisha kasia mahali pake.

Hiyo boti ipo mpaka leo, na mimi nina kontena langu la ufundi hapa unapokaa. Kasuka alikuja wiki iliyofuata akiwa amefunga hedi yake kwenye fulana, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikampeleka Bunda mwenyewe. Na bado naota, usidhani nimeacha. Naota siku moja kila boti ya ziwa hili, kuanzia hapa mpaka Ukerewe, itakuwa na chumba cha moto kilichochongwa kwa mzigo wake, siyo kwa mazoea ya mwalo.

Sasa sikiliza ninachotaka ukibebe. Ukikuta dawa ambayo kila mtu anaitumia, iulize inafanya nini ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Usiiheshimu kwa sababu uliikuta. Uliza moto unaanzia wapi, unaishia wapi, na nani anabaki pembeni akingoja. Halafu ukishaujua ukweli, mwanangu, hapo ndipo ujichunge zaidi. Furaha ya kujua kitu kipya ni tamu, mimi ninaishi kwa furaha hiyo, lakini ikikupeleka kutoka gasketi mbili mpaka karatasi kwa usiku mmoja, itamuumiza mtu aliyepanda boti yako bila kujua chochote kuhusu pistoni. Pima kwanza kitu kilekile unachotaka kukikata. Nenda Bunda mara mbili kama ni lazima uende mara mbili. Na kila unapochonga, kumbuka unambebea nani.

Haya, inuka, chukua hiyo risasi kwenye droo, injini ile ya kijani inakungoja. Mungu akupe sikio la kusikia chombo kinapoanza kulalamika, na subira ya kukisikiliza mpaka kimalize. Akupe mkono usioogopa kukata na usioharakisha. Watu wote watakaopanda kwenye kazi ya mikono yako wafike ng'ambo wakiongea habari zao, wala wasijue kwamba kulikuwa na jambo la kuogopa.